Aliyemjibu Bawabu

I

Kama una siri, walikuwa wakisema watu wa Kanyenye, usimkaribishe Kalunde Msabila chai. Walisema hivyo naye akiwepo, akicheka kuliko wote, maana hakuona aibu yoyote kujua habari za watu. Alizaliwa kwenye nyumba ya wapangaji kumi na mmoja, uani kwao hapakuwahi kukosa mtu, na ufundi bomba aliupata kwa kumshikia mjomba wake spana, bila darasa wala cheti. Ilipopita ile miaka ya kiu na ikaja sheria kwamba kila nyumba ifungwe bawabu kwenye bomba lake kuu, Kalunde ndiye aliyewaelewa mabawabu kabla ya wahandisi. Wahandisi waliwasoma kwa namba. Yeye aliwasoma kama mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani kupitia ukutani.

Leo alikuwa amepiga magoti getini kwa marehemu Bi. Nyanzala, kishikwambi mkononi.

Ndani hitima ya arobaini ilikuwa imefika kwenye dua. Sauti ya shehe ilipanda ikashuka, watu wakaitikia amin kwa pamoja, na harufu ya pilau ikavuka ukuta mpaka barabarani. Siku nyingine Kalunde angekuwa huko kwenye masufuria, anawaeleza wenzake nani kaja na nani kajifanya mgonjwa. Leo alikuja na muhuri wa baraza la kata. Alikuja kusoma.

Chini ya kifuniko cha zege, bawabu alikuwa palepale alipomfunga yeye mwenyewe miaka sita iliyopita: kidude cha ukubwa wa kopo la maziwa ya unga, kimeuma bomba, kitaa chake chekundu. Chekundu maana yake baraza limemzuia. Tangu asubuhi ya Jumatatu ile, Bi. Nyanzala alipokutwa sakafuni bafuni hana uhai, hakuna tone lililopita hapo. Familia ilikunywa na kupikia maji ya majirani siku arobaini zote, ikisubiri zamu yake ya kusomewa.

Bawabu hana macho wala masikio. Anachokijua ni msukumo wa maji: bomba lipi limefunguliwa, kwa pupa au kwa upole, kwa muda gani. Lakini ukiwapa watu maji miaka sita, msukumo unatosha. Anajua nani anaoga kwa nusu ndoo na nani anajimwagia mpaka mgao wa mwenzake. Anajua ndoa iliyopoa, maana waliokuwa wakioga wakifuatana sasa wanapishana saa tatu nzima. Kila mkono una namna yake ya kufungua bomba, na bawabu huuandika kwa jina.

Na anauliza. Maji yakitoka dakika ishirini bila kukoma, anauliza kwenye simu za wenye nyumba: kuna mtu? Akijibiwa yupo, anatulia. Akijibiwa hayupo, anafunga maji. Asipojibiwa kwa nusu saa, anapiga king'ora, na mtaa mzima hukimbia na kuvunja mlango. Wazee wasiopungua watano wameokolewa hivyo Kanyenye peke yake, na Kalunde aliwajua wote kwa majina na kwa magonjwa yao.

Jumapili ile king'ora hakikulia. Na Jumatatu bawabu alikutwa amefunga maji. Daktari alisema bibi alianguka, akavunjika nyonga, akalala pale saa nyingi mpaka moyo ukachoka. Kwa hiyo swali la familia lilikuwa moja tu: nani alimjibu bawabu kwamba hakuna mtu?

Wala halikuwa swali kwao. Simu zilizoandikishwa zilikuwa tatu. Moja ya bibi mwenyewe. Moja ya Mihayo, mwanawe wa mwisho, aliyekuwa kazini Mwanza. Moja ya Tausi, mjane wa Shija mwanawe wa kwanza, aliyekuwa akiishi naye. Na mtaa mzima ulikuwa umemsikia Tausi, wiki moja kabla, akimpigia kelele mama mkwe wake: "Mama, ipo siku nitalifunga hilo bomba kabisa!" Kalunde alikuwa anapita. Alisikia kwa masikio yake, na kufikia jioni walikuwa wamesikia na wale wasiopita.

Sasa alisoma mistari iliyokuwa kwenye kioo. Akairudia. Kisha akakaa chini kwenye vumbi, na gauni lake la hitima.

II

"Kalunde, mbona leo unatembea kama umemeza spana?" Mama Chausiku alimpigia kelele alipoingia uani. Wanawake wakacheka kwa sauti ya chini, ya msibani. "Njoo huku uonje ukoko, mwanamke. Hao wanaume na vitabu vyao watakusubiri."

"Nakuja, shoga."

Hakwenda. Pembeni kabisa, karibu na kuta za banda la kuku, Tausi alikuwa akisugua sufuria kubwa peke yake. Hakuna aliyewakataza watu kumsaidia. Ilikuwa tu kila anayesogea upande ule anakumbuka kazi nyingine. Alikuwa mwembamba kuliko siku arobaini zilizopita, na alisugua taratibu, kwa maji ya kuazima, akiyarudisha yaleyale kwa kata.

"Umemaliza kusoma, dada?"

"Nimemaliza."

"Haya. Nguo zangu nimeshafunga." Tausi hakuinua macho. "Baba mdogo kasema watoto wanabaki, ni wa ukoo. Nyamizi nimemdanganya naenda Nzega kumuuguza bibi yake. Kaniangalia, akaniuliza, sasa mama mbona unabeba na sufuria?"

Kalunde akachutama kando ya sufuria.

"Niliwaambia mama hakutoka nyumbani siku ile," Tausi akaendelea. "Nilimwacha anajiandaa, nikatangulia harusini kwa Mzee Igulu kupika, kasema atanifuata. Huko matarumbeta, moshi, simu iko kwenye pochi ndani kwa bibi harusi. Narudi usiku, chumbani kwake giza, nikasema kalala. Alfajiri ndiyo namkuta. Na sare yake ya harusi iko kitandani, dada. Ina mikunjo ya dukani. Haijavaliwa. Nimewaonyesha. Wewe ndiye uliyesema nimeikunja upya kwa pasi ili nifiche."

"Nilisema," Kalunde akakubali. Alikumbuka hata mahali alipokuwa amekaa, kwenye mkeka wa matanga, na jinsi wenzake walivyotikisa vichwa kwa kumsifu.

"Kwa sababu ulishasema umemwona harusini. Na wewe ukishasema umemwona mtu, nani atanisikiliza mimi?" Tausi akaweka sufuria chini. "Sikuulizi umekuta nini. Nakuomba kitu kimoja. Soma yote. Ukikuta ni mimi, sema ni mimi. Lakini usome yote."

Kalunde akaondoka pale bila kuaga.

Kanuni ya wasomaji aliijua kwa moyo, maana walimwapisha kwayo. Msomaji akikuta jina lake ndani ya kumbukumbu, afunge kishikwambi, aondoke, aitwe mwingine. Kanuni safi, na leo ilikuwa tamu kuliko pilau. Msomaji wa pili alikuwa Nzega, na foleni yake ilikuwa ya miezi mitatu. Angeondoka na heshima yake yote, na baada ya miezi mitatu nani angekumbuka?

Alimkuta Mzee Kapaya barazani. Alikuwa mdogo wa marehemu mume wa Bi. Nyanzala, na sasa ndiye mkubwa wa ukoo, mtu wa maneno machache ambaye watoto wote wa nyumba ile walimwita baba mdogo, wakubwa kwa wadogo.

"Shikamoo, baba mdogo. Kuna jambo limejitokeza. Nina udhuru. Kwa kanuni, anatakiwa msomaji mwingine."

"Marahaba. Lini?"

"Miezi mitatu hivi."

Mzee akatikisa kichwa. "Mwanangu, leo ukoo umekusanyika, kesho umetawanyika. Msomaji wa Nzega akija, atatukuta. Lakini Tausi anaondoka leo baada ya alasiri. Siwezi kumwacha ndani ya nyumba ya shemeji yangu mtu anayesemwa hivi."

"Na watoto?"

"Watoto wako kwao."

Mlango ukafunguka, akatoka Mihayo. Alikuwa na miaka thelathini na minne na uso wa mtu wa hamsini; tangu mazishi hakurudi kazini bandarini, na kila usiku, walivyosimulia wa nyumbani, alilala sebuleni kwenye kiti cha mama yake. Akamshika Kalunde mkono kwa mikono yake miwili.

"Dada Kalunde, usiniambie unaondoka. Nimesubiri siku arobaini. Nikifumba macho nauona ule mkono uliobonyeza, nauona kabisa, sema sura siioni. Nisomee. Nijue ni wa nani, nipumzike."

Kalunde akamwangalia. Alimjua tangu akiwa anatambaa. Alijua alivyofua nguo za mama yake kwa mkono alipougua, wakati watoto wengine wa kiume wanaona haya. Kwenye kishikwambi kulikuwa na mistari ambayo ingemrudishia Tausi watoto wake. Ilikuwa ileile ambayo mtu huyu, akiisikia, hataweza kuisahau siku zote za maisha yake.

Akafikiria kusoma nusu. Kutaja simu, aache sauti. Kutaja saa ya kwanza, aache zinazofuata. Mistari sita tu ya kuruka, nani angejua? Bawabu hajui kulalamika.

"Waite watu," akasema.

III

Walikaa ukumbini kwenye mikeka, wanaume upande wa dirisha, wanawake upande wa mlango wa uani. Nyanso, binti wa marehemu, alikaa mbele kabisa amejifunga kanga kiunoni kama anayekwenda vitani. Tausi alikaa kizingitini, nusu ndani nusu nje. Watoto walitolewa.

"Kabla sijasoma," Kalunde akaanza, na sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba Mama Chausiku alisogea mbele, "jina langu limo humu. Kwa kanuni nilitakiwa niondoke. Nikisoma, muhuri huu kesho naurudisha barazani na sitasoma tena mlangoni kwa mtu."

"Limo kwa sababu gani?" Mzee Kapaya akauliza.

"Mtasikia, baba mdogo."

Akasoma kama wasomaji wanavyosoma, neno kwa neno, bila kuongeza.

"Jumapili. Saa nne na dakika kumi na nne asubuhi. Bomba la tatu, la chini bafuni, la kutawadhia. Limefunguliwa. Mkono: Nyanzala."

"Mama," Nyanso akanong'ona.

"Saa nne na dakika thelathini na nne. Bomba la tatu halijafungwa. Bawabu ameuliza: kuna mtu? Simu ya Nyanzala, kimya. Simu ya Tausi, kimya."

"Si tulisema!" Nyanso akageuka kizingitini. "Ameisikia, kainyamazia! Wifi, ulikuwa unamsikiliza mama yangu anakufa?"

"Nyanso," mzee akasema. "Acha asome."

"Saa nne na dakika thelathini na tisa." Kalunde akashusha kidole kwenye mstari unaofuata. "Simu ya Mihayo. Hakuna mtu. Funga."

Kisha Mihayo akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyetajiwa jina la mwingine kwa makosa.

"Soma vizuri, dada."

"Nimesoma vizuri, mdogo wangu."

"Mimi nilikuwa kivukoni. Nilikuwa nakagua meli." Alitoa simu, akaitazama, kana kwamba ingemtetea. "Mimi ninao mabawabu watatu. Wa kwangu Mwanza, wa mama mkwe, wa hapa. Wanauliza kutwa nzima. Mama anasahau bomba mara tatu kwa wiki, najibu, naendelea na kazi. Siku ile nilijibu wa… nilijibu wa mama mkwe. Nakumbuka."

"Bawabu akijibiwa na mtu wa mbali, anamuuliza amejuaje. Jibu linahifadhiwa kwa sauti." Kalunde hakumwangalia mtu. "Natakiwa niifungulie."

Akaigusa. Ukumbi ukajaa upepo wa ziwa na honi ya meli, na juu yake sauti ya Mihayo wa siku arobaini zilizopita, changamfu, yenye haraka, sauti ya mtu ambaye mama yake yuko hai: "Ah, mama yuko shughulini kwa Mzee Igulu, bwana. Kalunde katangaza kwenye kundi sasa hivi, kamwona kavaa sare. Funga, mgao usije ukaisha."

Sauti ikakatika. Mihayo hakusema tena kwamba alimjibu bawabu wa mama mkwe.

Nyuso zote zikamgeukia Kalunde. Alizoea kutazamwa, mtu anayependa ukumbi uliojaa hupenda macho. Haya hakuyazoea.

"Ni kweli," akasema. "Nilirekodi, nikatuma kwenye kundi la mtaa. Nikasema Kanyenye nzima tuko hapa, hakuna aliyebaki nyumbani, hata Bi. Nyanzala yuko mkekani kapendeza. Sikumwona. Niliona mgongo. Mgongo wa mwanamke mzee, kaketi, sare ya kijani na ushungi wa njano. Siku ile tulikuwa wanawake mia mbili na sare moja. Kumbe alikuwa bibi yake bwana harusi, katoka Sikonge. Sikumzunguka nikamwona uso. Nilikuwa na haraka ya kuwa wa kwanza kutangaza."

"Na ulipoambiwa kafia nyumbani?" Mzee Kapaya akauliza taratibu.

"Nikasema labda alirudi mapema. Kuliko kusema nimekosea."

Mama Chausiku akajifunika mdomo kwa ushungi. Nyanso alikuwa ametazama chini, vidole vyake vinafungua fundo la kanga kiunoni bila yeye kujua.

"Kuna mstari unaofuata," Kalunde akasema. "Bawabu amekadiria: mtu yumo ndani, themanini na nne kwa mia. Jibu la mtu limefuatwa. Maji yamefungwa. King'ora kimefutwa."

"Yaani mashine ilijua?" mtu wa upande wa dirisha akauliza.

"Ilihisi. Ilishaujua mkono wa bibi asubuhi ile. Lakini sheria inasema neno la mtu linatangulia makadirio yake. Tuliitaka wenyewe sheria hiyo, wakati mabawabu walipokuwa wakiwapigia king'ora watu walioacha bomba makusudi. Tulisema haiwezekani kidude kimbishie mwenye nyumba."

Mzee Kapaya akavua kofia, akaiweka gotini. "Tausi, mwanangu," akasema, "hakuna mahali unakwenda. Fungua mzigo wako. Sisi tuna neno la kukuambia, lakini neno lenyewe ni kubwa, siwezi kulisema nikiwa nimekaa hivi." Kisha akamgeukia Kalunde. "Imetosha. Funga."

Kalunde akataka kufunga. Mungu ni shahidi, alitaka. Kidole chake kilikuwa kimeshafika.

"Imebaki?" Mihayo akauliza.

Kidole kikabaki juu ya kioo.

"Dada Kalunde. Imebaki mistari mingine?"

"Minne."

Sauti iliyofuata ilitoka kizingitini. "Ishia hapo," Tausi akasema. Alikuwa amesimama, mkono mmoja kwenye mwimo wa mlango. "Dada, mimi ndiye niliyekuomba usome yote. Sasa nakuomba uishie hapo. Mimi yanayonihusu yamekwisha. Mwacheni."

Kalunde akashangaa amejuaje. Kisha akaelewa kwamba hakujua. Alikuwa ameusoma uso wake tu. Siku arobaini mwanamke yule hakuwa na kazi nyingine ila kusoma nyuso.

"Shemeji," Mihayo akasema, na akamwangalia Tausi kwa mara ya kwanza tangu mazishi. "Nilikuwa nakwenda kukutoa nje kwa mistari hii hii. Niache nisikie mpaka mwisho."

Ndipo Kalunde akasoma, na hakupandisha sauti wala kuishusha.

"Saa saba na dakika tano mchana. Bomba la tatu, lililoachwa wazi, limefungwa. Bomba la tatu limefunguliwa. Mkono: Nyanzala. Hakuna maji. Limefungwa."

Akasogeza kioo.

"Saa kumi na dakika kumi na mbili. Bomba la tatu limefunguliwa. Mkono: Nyanzala. Hakuna maji. Limefungwa."

Upande wa wanawake mtu alivuta pumzi. Wale watu wazima walishaelewa. Midomo ya Mzee Kapaya ilikuwa inacheza bila sauti.

"Saa moja na dakika mbili jioni. Bomba la tatu limefunguliwa. Mkono: Nyanzala, dhaifu. Hakuna maji. Limefungwa."

"Adhuhuri," Nyanso akasema kwa sauti ya mtoto. "Alasiri. Magharibi. Alikuwa anataka kutawadha."

"Saa mbili na dakika kumi na nane usiku. Bomba la tatu limefunguliwa. Mkono haukutambulika. Hakuna maji. Limefungwa. Mwisho wa kumbukumbu."

Msikiti wa jirani uko nyuma ya ukuta wa bafu lile, Bi. Nyanzala alikuwa akisikia kila adhana akiwa sakafuni, na kila adhana alinyoosha mkono.

Mihayo alikuwa amekaa wima, mikono juu ya mapaja, kama mwanafunzi. "La mwisho," akauliza. "Umesema limefungwa. Alifunga nani?"

"Yeye mwenyewe. Mara zote nne alifungua, akakuta kukavu, akafunga."

"Kwa nini afunge? Si kulikuwa hakuna maji?"

Kalunde alijua jibu, na kila mtu mzima ukumbini mle alilijua. Walioishi miaka ya kiu hawaachi bomba wazi kwa kujua, hata likikauka, maana maji yakirudi wakati hupo, yanamwagika bure. Mwanamke amevunjika nyonga, hana sauti, anakufa, na bado anawawekea watu wa nyumbani kwake maji yasipotee.

Hakuna aliyeweza kumwambia. Haikuhitajika. Waliona jibu likimfikia lenyewe. Akainama polepole mpaka paji la uso likagusa mkeka, na hakulia. Alitoa sauti moja tu ndefu, nyembamba, na watu wakaanza kutazama viatu vyao, kuta, dirisha, wakisogea nyuma kidogo kidogo.

Tausi ndiye aliyevuka ukumbi. Alipita katikati ya wanaume bila kuomba njia, akaketi mkekani kando ya shemeji yake, akiwa bado na jivu la sufuria mikononi. Hakumgusa. Hakumwambia si kosa lako, maana lilikuwa lake, na alijua mtu aliyesingiziwa na mtu aliyekosa hawafarijiwi kwa maneno yaleyale.

"Huyu asiachwe peke yake leo," akasema, kwa mtu yeyote. "Wala kesho. Wifi, lete mkeka wako hapa ulale naye ndugu yako. Asikae kwenye kile kiti."

Nyanso akainuka haraka, akajikwaa, akaenda.

Kalunde aliweka muhuri mbele ya Mzee Kapaya, juu ya mkeka. Akasubiri. Pilau lilikuwa tayari, sinia zilikuwa zimepangwa, na maisha yake yote hakuwahi kutoka nyumba ya watu wakati wa chakula bila mtu kumshika nguo. Mzee aliutazama muhuri. Mama Chausiku alitazama upande.

Alikuwa ameshafika kizingitini Tausi alipomwita.

"Dada Kalunde."

"Abee."

"Mimi watu hawa wamenisikia. Wako hapa. Lakini sokoni hawajasikia, wala kisimani, wala shuleni kwa Nyamizi, wanakomwita mtoto wa muuaji." Sauti yake haikuwa na hasira, na Kalunde aliona heri ingekuwa nayo. "Ulivyonipeleka kote huko, wewe ndiye unayezijua nyumba zenyewe. Nenda ukawasomee. Ya Mihayo usiseme, hayo ni ya nyumba hii. Sema ya kwangu na ya kwako."

"Nyumba zote?"

"Zote ulizopita."

Alasiri ilikuwa haijaadhiniwa. Kalunde alirudishia kifuniko cha zege juu ya bawabu, akajikung'uta vumbi, akasimama barabarani akihesabu milango. Ilikuwa mingi. Ilikuwa Kanyenye nzima, na mtaa jirani wa Isevya kidogo.

Akaanza na wa kwanza kushoto. Akabisha hodi, na hata kabla hajamaliza kubisha, sauti ikamjibu kutoka uani, yenye furaha na uroho wa habari, na nyuma yake kigoda kinaburutwa:

"Kalunde! Karibu, karibu mwaya, tulikuwa tunakusubiri. Haya tuambie, imekuwaje huko?"

Akaingia, akaketi, akasubiri mpaka wote wamekusanyika. Kisha akaanza na jina lake.